Mwaka wa Chupa za Maji Mazito

Profesa amefariki, wakanialika kwenye kumbukumbu yake, nikaenda, na nilichokisikia huko ndicho kilichonikalisha chini kuandika. Ukumbi ulikuwa na joto la kupita kiasi. Kulikuwa na kahawa chungu na mikate iliyokatwa pembe tatu yenye tango ndani, chakula cha watu wasio na njaa. Mbele waliweka picha yake akiwa juu ya sitaha ya meli, ndevu zimeshika barafu. Mzee mmoja mwenye tai iliyochorwa samaki, ambaye enzi zile alikuwa mwanafunzi wake, akasimama kusimulia vituko vya zamani, na kituko cha tatu kilikuwa mimi. Hakunitaja jina. Alisema palikuwa na mwanamke wa usafi, mtu mwema sana, aliyefuta chupa za maji ya bahari kwa kitambaa cha vyombo, nusura aharibu kazi ya safari nzima, lakini Profesa kwa akili zake akagundua tatizo liko wapi. Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kupumzisha roho. Wambui, aliyekaa kushoto kwangu na mvi zake na shahada zake tatu, hakucheka. Aliinamia mkoba wake akawa anapekua. Nikamwuliza taratibu, "Unatafuta nini humo?" Akasema, "Tishu." Nikamwambia, "Nilidhani unatafuta ulimi."

Mimi sikusimama. Ningesimama ningesema maneno ambayo marehemu hastahili kuagwa nayo, na mjane wake alikuwa pale mbele. Lakini nimerudi nyumbani na sijatulia. Mimi nimeishia darasa la nne. Leo nina kampuni ya usafi, wafanyakazi wangu wanasafisha majengo kumi na moja katika jiji hili, na hakuna aliyenishika mkono hata siku moja. Sihitaji kupambwa na mtu yeyote. Ninachodai ni kwamba jambo lililotokea lisemwe lilivyotokea, na kama wenye shahada hawawezi, nitalisema mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Toronto, na nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikaa na Wambui ghorofa ya tisa, kwenye majengo yale marefu ya mitaa ya Jane na Finch, chumba kimoja na sebule. Yeye alilala chumbani kwa sababu alikuwa na vitabu, mimi nikalala sebuleni nyuma ya pazia la maua. Jiko letu lilikuwa jembamba, ukifungua oveni huwezi kufungua friji. Jumamosi nilisonga ugali wa muhogo, nikaunga dagaa niliowapata kwa Msomali mmoja kule Dixon, na harufu ikajaa korido nzima mpaka kwenye lifti. Jirani wa mlango wa pili alikuja mara ya kwanza kulalamika. Mara ya pili alikuja na sahani. Wambui, Mkikuyu wa Nyeri, alikuwa akichemsha githeri ya mahindi na maharagwe ya wiki nzima kwenye sufuria moja, akaitazama mboga yangu na kusema, "Mama Neema, hawa samaki wananiangalia." Nikamjibu wanakuangalia kwa sababu wanajua hujui kupika. Tulielewana. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumkumbuka jioni. Wangu alikuwa Neema mwenyewe, binti yangu, miaka minne, niliyemwacha Kigoma kwa dada yangu, na faili lake lilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji. Walitaka barua ya mwajiri kabla ya baridi kwisha. Bila barua, faili linafungwa, unaanza upya. Mtoto wa miaka minne ukimwacha aanze upya, utakuja kumpokea akiwa mtu mwingine.

Wambui ndiye aliyenipatia kazi. Alikuwa akisomea bahari, na sehemu ya masomo yake aliifanyia kwenye maabara ndogo ya Profesa iliyokuwa katikati ya maghala upande wa magharibi wa mtaa wa Finch. Siku hizi haipo tena, pamekuwa mahali pa kuuzia matairi. Niliona ajabu, maabara ya bahari katika jiji lisilo na bahari, penye ziwa tu, tena la maji baridi yasiyo na chumvi. Bahari ilikuja kwa lori. Ilikuja ndani ya kreti, kila kreti chupa ishirini na nne za kioo, na kila chupa na namba yake. Kazi yangu ilikuwa kuziosha chupa kabla hazijaenda melini, kisha kuzipokea zikirudi na kuzipanga kwenye chumba cha mashine ya kupima chumvi. Chumba changu kilikuwa chini kabisa, hakina dirisha, kina sinki mbili ndefu na bomba la joto linalopita ukutani likigonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Niliosha kwa sabuni maalumu, nikasuuza kwa maji safi ya mashine yasiyo na chembe ya chumvi, mara tatu, nikazipindua juu ya rafu. Nilipenda ile kazi. Mtu asidhani nilikuwa nikiona haya.

Yale maji yalitoka wapi na ya nini, nilimwuliza Wambui siku moja tukila. Alichukua glasi mbili akaanza habari za namba, nikamwambia aache namba, aniambie kama anamwambia mtu. Akaniambia. Huko juu kaskazini, baina ya Labrador na Greenland, upepo wa majira ya baridi unatoka kwenye nchi ya barafu na kuvuma juu ya bahari wiki kwa wiki, unayanyonya maji joto lake. Maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito. Yakiwa na chumvi ya kutosha yanakuwa mazito zaidi kuliko yaliyo chini yake, basi hayawezi kukaa juu, yanazama. Yanazama kilomita moja, hata mbili, huko kwenye giza. Mengine yanatoka mbali zaidi, nyuma ya Greenland, yanavuka kizingiti cha mlima ulio chini ya bahari na kumwagika upande wa pili kama maporomoko, na hakuna jicho linaloyaona. Kisha yote yanaanza safari ya kusini, polepole, yakifuata sakafu ya bahari, yanapita ikweta, na mengine hayatauona tena uso wa bahari kwa mamia ya miaka. Juu, maji ya uvuguvugu yanakwenda kaskazini kujaza nafasi. "Yakiacha kuzama," Wambui alisema akiwa na githeri mdomoni, "hali ya hewa ya dunia nzima inavurugika. Hii baridi, ile mvua ya kwenu, kila kitu." Nikauliza wanajuaje kama yanazama. Akasema, "Kwa chumvi. Ndiyo unaosha chupa." Wana chombo kinachoshushwa kwa waya, chenye umeme, kinapima kila kitu kikishuka, lakini chombo hudanganya kidogo kidogo kadiri kinavyotumika. Chupa ndiyo shahidi wa kukikosoa.

Sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi Uvinza kwenye chumvi, tangu nikiwa msichana. Pale maji ya chumvi yanatoka ardhini, unayachemsha kwenye makarai mapana ya bati, na unajifunza mambo mawili usiyoyasahau mpaka kufa. La kwanza, maji yenye chumvi nyingi yanakaa chini, ukichota juu umejidanganya. La pili, mvuke unaondoka peke yake. Hauchukui chumvi. Maji yakipungua, kilichobaki kinazidi kuwa kikali, na pembeni ya karai panaota ukoko mweupe. Watu wa darasa la nne wanajua hivyo.

Meli ilirudi katikati ya majira yale ya baridi, na kreti zikafika kwa lori. Nilizishusha mimi na fundi mmoja jina lake Ray, mtu wa Newfoundland, mkubwa kama kabati, aliyekuwa melini safari yote. Nilipokuwa nikizipanga niliona kreti nyingine chupa zake ni safi, na nyingine zina ukoko mweupe shingoni, chini ya kifuniko. Sasa nisikilizwe vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo yule mwenye tai alipochukua kisa chake. Nilizifuta. Ni kweli. Nilichukua kitambaa safi, nikaifuta ile chumvi, shingo baada ya shingo, kwa sababu mimi ni msafi na sikutaka mtu aone chupa chafu zimetoka kwangu. Kosa langu ni hilo moja. Chupa hazikuharibika kwa kufutwa nje, ila niliufuta ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe, na Profesa alipita mlangoni akaniona.

Wiki mbili baadaye mashine ilianza kusema mambo ya ajabu. Kreti nzima nzima zilionyesha chumvi zaidi kuliko kile chombo cha waya, na nyingine zililingana nacho sawasawa. Wambui akawa anarudi nyumbani hali chakula. Sura mbili za tasnifu yake zilisimama juu ya yale maji. Mimi niliendelea na chupa zangu mpaka asubuhi moja, nikiwa nyuma ya mlango wa chumba cha mashine na ndoo mkononi, nikamsikia Profesa akizungumza na Ray. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, ila watu hufikiri asiyezungumza hasikii. Profesa alisema, "Ni yule wa chupa. Ameacha chumvi ya safari iliyopita ndani. Unategemea nini, kule walikotoka maji yenyewe shida." Ray alikohoa. Mimi niliweka ndoo chini polepole, maana niliogopa nitaimwaga, na si sakafuni.

Nimezeeka na bado damu inanichemka nikiandika sentensi ile. Kwetu maji ni shida, naam. Ndiyo maana tunayajua. Mtu aliyefungua bomba tangu azaliwe ndiye anayeweza kuwa na maji yanayopungua mbele ya macho yake asiyaone.

Ijumaa niliitwa ofisini. Ofisi ya Profesa ilikuwa na zulia, ramani ya bahari yenye rangi za buluu, na mtungi wa peremende za mnanaa. Wambui aliitwa kunitafsiria. Mezani palikuwa na karatasi moja imechapwa. Profesa alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Wambui akanigeukia, akasema kwa Kiswahili chake cha haraka, "Mama Neema, wanasema chupa hazikuoshwa sawasawa. Wanataka usaini kwamba ulikosea, ndiyo wapate kueleza wale waliolipia safari. Hawakufuti kazi. Ameniahidi." Kisha akashusha sauti. "Si usaini tu. Ni karatasi. Utapata barua yako ya Neema, tutoke hapa."

Nilimtazama. Nilijua anamfikiria Neema kweli. Nilijua pia anafikiria sura zake mbili. Nikamwambia, "Mwulize Profesa, melini mnasuuza chupa au hamsuuzi?"

"Mama Neema."

"Mwulize."

Akamwuliza. Profesa akasema bila shaka, kila chupa husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yanayokwenda kujazwa, ndio utaratibu wa kazi tangu zamani. Nikasema, "Basi kama mlisuuza mara tatu, chumvi yangu ilijificha wapi? Na kama hamkusuuza, kwa nini nisaini mimi?" Wambui aliitafsiri ile, na nadhani aliipunguza makali njiani, lakini haikupungua sana, kwa sababu Profesa aliacha kuzungusha kalamu. Nikaendelea. Nikamweleza ukoko niliouona na kwamba niliufuta, na kwamba kosa hilo nalikubali mbele ya mtu yeyote. Nikasema maji yametoka kwenye chupa, chumvi imebaki. Akatabasamu. Akasema chupa zilifungwa, zina kifuniko cha kuzungusha na kizibo cha plastiki ndani yake, haiwezekani. Akasema anakwenda mkutanoni Ulaya, wiki tatu, na akirudi angependa kuikuta karatasi imesainiwa. Hakusema vinginevyo itakuwaje. Watu wapole hawasemi.

Nilirudi na Wambui kwa basi. Tulipofika nyumbani alipika yeye, wali uliotota, tukala tukitazama dirisha. Mwishowe akasema, "Unajua wewe una kiburi?" Nikasema najua. Akasema, "Kiburi hakileti mtoto." Hilo liliniuma, kwa sababu lingeweza kuwa kweli. Nililala nikiwa nimeamua kusaini Jumatatu.

Jumatatu sikusaini, na aliyenizuia, bila kujua, ni Ray. Alinituma nimalizie kufungua masanduku yaliyorudi na meli. Chini ya sanduku la kamba na glavu nikakuta mfuko wa vizibo vya ndani, vile vya plastiki. Umefungwa. Haujaguswa, na kibandiko cha duka kikiwa palepale. Nilikwenda nao mpaka kwenye meza yake ya chai, nikauweka mbele yake. Aliinua mikono yake miwili, akanionyesha ncha za vidole, ngozi imekufa na kuwa nyeusi-nyeusi. Alieleza kwa maneno na kwa ishara. Zamu yake ilikuwa alfajiri, maji yanaganda kwenye mikono, na kile kizibo ni kidogo kama kunde, huwezi kukishika na glavu, na ukivua glavu vidole havikusikii. Akaviacha. Zamu nzima, safari nzima, akazungusha kifuniko cha juu tu. Kisha kreti zikawekwa karibu na mtambo wa joto ili zisigande zikapasuka. "Nilidhani haidhuru," alisema. Sikumchukia Ray hata dakika moja. Mikono ile niliijua, na yeye peke yake katika jengo lile ndiye aliyeniambia jambo baya akinitazama usoni.

Lakini neno la Ray bado lilikuwa neno tu. Profesa angesema vizibo havina uzito kiasi hicho. Basi nikafanya kama tulivyokuwa tukifanya Uvinza mnunuzi akibisha. Unampimia mbele yake. Nilikoroga ndoo moja ya maji na chumvi, ndoo moja tu ili pasiwe na mabishano, nikajaza chupa kumi na mbili zilizooshwa na kusuuzwa kwa maji yaleyale mara tatu. Sita nikazitia vizibo. Sita nikazifunga kama Ray alivyozifunga. Nikazipanga juu ya bomba la joto chumbani kwangu, nikamwita Wambui aandike namba kwa mkono wake na kutia tarehe. Alikuja akiwa amenuna. Alipomaliza kuandika alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akazitazama zile chupa, akasema, "Kwa nini sikulifikiria hili mimi?" Nikamwambia, "Kwa sababu ulifikiria nimekosea."

Siku ya kumi ukoko ulianza kuota kwenye zile sita. Sikuugusa. Nilikuwa nikipita nimefunga mikono nyuma kama mtu aliyekatazwa kushika mtoto wa wenyewe. Profesa aliporudi chupa zilipitishwa kwenye mashine mbele yake, Wambui akisoma, Ray akiwa mlangoni. Sita zenye vizibo zilisema namba moja. Sita zisizo na vizibo zilisema namba nyingine, za juu zaidi, kila moja na yake kadiri ilivyovuja. Profesa akaomba zisomwe tena. Zikasomwa tena. Kisha alifanya kitu ninachomheshimia mpaka leo. Alimwambia Wambui azitupe kreti zote za zamu ya Ray, asizitumie hata moja, na atumie zilizobaki. Kuhusu mimi alisema, "Vizuri sana," akachukua kikombe chake, akatoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Akili za Profesa zilikuja baada ya chupa kumi na mbili kumwambia. Siku hizi wanasema kwenye taarifa ya habari kwamba barafu ya Greenland inayeyuka, maji baridi yasiyo na chumvi yanamwagika juu ya bahari ile, yanaifanya nyepesi, na wanahofia siku moja hayatazama kama zamani. Wambui mwenyewe amehojiwa kwenye redio. Nami nasikiliza nikijiuliza: ninyi mnaoitaka dunia iwaamini kuhusu chumvi ndogo isiyoonekana, mlishindwaje kumwamini mtu aliyeiona nyeupe kwenye shingo ya chupa? Maandishi yaliyotoka mwaka uliofuata yaliwashukuru nahodha, mabaharia, mpaka mpishi wa meli. Wambui alinisomea majina yote. Alipofika mwisho hakuinua macho. Nilimsamehe mengi yule mwanamke, kwa sababu alikuwa mgeni kama mimi na alikuwa na cha kupoteza. Sijamwambia bado.

Barua niliipata wiki ileile chupa zilipopimwa. Profesa aliiandika mwenyewe, akaniletea chini kwenye chumba changu, mara ya kwanza kuingia. Wambui akanisomea pale pale, tumesimama kwenye sinki. Ilisema mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye tabasamu, na kila mtu ananipenda. Nikaikunja nikamrudishia. Nikamwambia Wambui, "Mwambie sikuomba kupendwa. Aandike nilichofanya."

"Mama Neema, hii inatosha. Wa uhamiaji hawataki mambo ya chupa."

"Nami sitaki faili la mwanangu lifunguliwe na tabasamu. Mwambie."

Nilikuwa naogopa, nisidanganye. Siku zilizobaki zilikuwa nne. Lakini nilifikiri Neema atakuja kuwa mkubwa katika nchi hii, na karatasi ya kwanza iliyomleta itakuwa imesema mama yake ni mtu wa kucheka. Profesa alisikiliza tafsiri. Akapanda juu. Akashuka na karatasi nyingine, fupi. Ilisema kwamba mfanyakazi huyu alikataa kusaini kosa ambalo si lake, kwamba alibaini chupa zilizofungwa vibaya zimepoteza maji na kubaki na chumvi, kwamba alithibitisha hilo kwa jaribio alilolibuni mwenyewe, na kwamba maabara imerekebisha vipimo vyake kwa sababu hiyo. Chini, sahihi yake.

Niliipeleka uhamiaji kesho yake, peke yangu. Afisa aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza polepole, kama unavyomwuliza mtu asiyesikia, kama mimi ni mwanasayansi. Nikamwambia hapana, ninaosha chupa. Akasubiri kama kuna zaidi. Nikamwambia hakuna zaidi. Akagonga muhuri.